Naomba ushauri: mirabaha au leseni ya kulipiwa mara moja?

Ndugu wanachama, salaam. Ninatunga muziki usio na maneno kwa ajili ya matangazo na filamu za makala, hasa vipande vya sekunde 30 na 60 vyenye marimba na kayamba, na sasa nataka kuviingiza sokoni. Kwenye Pond5, soko la mtandaoni la muziki na video, mnunuzi akishalipia leseni hadaiwi tena kila anapoutumia muziki huo. Lakini televisheni inapourusha, mtunzi aliyejiunga na chama cha kukusanya mirabaha hustahili malipo, na kwangu hiyo ndiyo haki. Je, kazi ileile yaweza kupitia njia zote mbili bila kuvunja mkataba? Na kwa kuwa Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi zenye hakimiliki ndani ya video, humtaka anayesajili kazi awe na haki za pekee juu yake, wateja wangu nitawalindaje video zao zisizuiwe?