Silinda ya 125 imekwaruzika: nikipanua, kijana atabaki daraja lake?

BabaMoto_Kla
Wakuu, habari zenu. Kijana wangu anashindana motokrosi daraja la 125 (injini isiyozidi sisi, yaani cc, 125) kule Garuga, Uganda, na pikipiki ya Yamaha YZ125, tustroku (injini ya mipigo miwili). Jumamosi pistoni ilikwama akiwa kasi. Nimefungua: silinda ina mkwaruzo upande wa ekzosi, ukipitisha ukucha unanasa. Fundi wa Katwe, Kampala, anataka kupanua kipenyo cha silinda nusu milimita na kutia pistoni kubwa. Itabaki 125 kweli? Sitaki mtoto anyang'anywe pointi kwa kosa langu.

FundiMipigo
Pole sana mzee. Piga hesabu kwa milimita: kipenyo 54, mwendo wa pistoni 54.5. Kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara mwendo, gawa kwa elfu: sisi 124.8. Ukomo wako wa kipenyo ni 54.04, yaani nafasi ya sehemu nne za mia za milimita tu! Ukifika 54.5 ni sisi 127.1, umeshahama daraja.

EnduroBoda
Mbona wengine wanafunga silinda za 58, sisi 144, na wanakimbia tu? Nani atafungua?

FundiMipigo
Mpinzani akiweka pingamizi, hedi (kifuniko cha silinda) inafunguliwa na vernia ya kupimia kipenyo inaingia. Hiyo 144 ni tamu kwa mazoezi, nimeiendesha. Kwenye daraja la 125, hapana.

DadaSpea
Baba, kuna zito kuliko hesabu. Silinda hiyo haina slivu (bomba la ndani) ya chuma. Ni alumini yenye utando mgumu wa nikeli. Ukiichonga utando unaondoka, pistoni inasugua alumini tupu. Kwanza hakikisha ni mkwaruzo kweli. Mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya utando. Vaa glavu, paka asidi ya haidrokloriki kidogo kwa pamba juu ya alama tu, isiguse matundu, kisha suuza. Ukucha ukiteleza, umepona. Ukinasa, ipakwe utando upya irudi 54 ileile. Na ilikwama kwa nini? Mlibadilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli?

BabaMoto_Kla
Dada, umenigusa. Tulitoka mazoezini Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, nikatia jeti ndogo. Garuga iko kando ya ziwa, hewa nzito zaidi, nami sikuirudisha. Petroli ikawa kidogo mno kwa hewa ile.

BabaMoto_Kla (siku mbili baadaye)
Alama karibu yote imetoka. Ila juu kidogo ya tundu la ekzosi ukucha bado unanasa, padogo kama punje ya mchele. Utando umebanduka, kwa hiyo silinda inaenda kupakwa. Kijana atakosa raundi ijayo na amenuna, lakini jana usiku nimemkuta gereji anaandika namba ya jeti ya Garuga kwenye tangi kwa rangi nyeupe.