Wauzaji wa maikrogrini Nairobi, andikeni tarehe ya KUKATWA, si ya kupakiwa!

Wadau, hili jambo limezidi. Maikrogrini ni miche michanga ya mimea kama figili, alizeti na dhania, inayokatwa ikiwa midogo na kuliwa mbichi. Kikopo cha gramu 50 kimebandikwa tarehe ya leo, lakini ukikipindua unaona majani ya chini yamegandamana na yana ute, na ukikifungua figili inanuka kama kabeji iliyochemshwa ikalala. Kwa bei ya kikopo hicho mtu angebeba mafungu kadhaa ya sukuma wiki. Ukimpigia muuzaji, jibu ni lilelile: "Mteja hukuweka kwenye friji vizuri." Hapana! Mzigo ulikuwa umeharibika kabla haujafika kwenye rafu, na kila anayepanda kwenye trei anajua ni kwa nini.

Jani halijui mmebandika lebo lini. Siku zake zinaanza kuhesabiwa pale kisu kilipopita.

Maikrogrini ikikatwa haifi papo hapo. Inaendelea kupumua, na kwa kuwa haina mzizi tena, inakula akiba ndogo ya sukari iliyomo kwenye shina na majani yake. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hata tatu. Sasa chukua mzigo uliokatwa Limuru, ukafungwa kwenye boksi la boda saa sita mchana bila barafu, ukakwama kwenye foleni ya barabara ya Waiyaki Way. Saa tatu ndani ya boksi la nyuzi 30 zinamaliza uhai wa zaidi ya siku nzima ya friji ya nyuzi 4. Na majani yakirundikwa hutoa joto lao wenyewe, kwa hiyo katikati ya boksi ndiko kunakochemka zaidi. Halafu mzigo huo moto unaingizwa kwenye friji ukiwa umefunikwa, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko, matone yanarudi juu ya majani. Hapo bakteria na ukungu wamepata kila kitu wanachotaka, na hiki ni chakula ambacho watu wanakila kibichi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni mchezo wa maji ya barafu. Majani yamenyauka siku ya nne, yanatumbukizwa kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 10, yanasimama tena, yanapakiwa upya na kupewa tarehe mpya. Maji yanarudisha ugumu wa shina tu. Sukari iliyoliwa hairudi, vitamini C iliyopotea hairudi, harufu ya dhania hairudi. Tena ule ukali wa figili na haradali hutokea seli zinapopasuka mdomoni. Majani yaliyopondeka kwenye usafiri yameshaumaliza ukali huo ndani ya kikopo, ndiyo maana unatafuna na huonji chochote ila maji. Na kwa kuwa majani yamepakiwa yakiwa na unyevu, kesho yake ni ute mtupu. Huo ni wizi, tuuite kwa jina lake.

Mnaosema haiwezekani kufanya vizuri Nairobi, acheni. Maji ya mwisho yatiwe kwa chini ya trei, jioni ya kuamkia siku ya kukata, majani yasiloweshwe kabisa. Kata saa 12 asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa kisu au mkasi mkali uliosafishwa, sentimita moja juu ya udongo au kokopiti (makapi ya nazi ya kuoteshea) ili mchanga usiingie. Kisu butu kinaponda shina, linavuja, na ute unaanzia hapohapo kwenye jeraha. Msioshe kabla ya kupakia. Anayelazimika kuosha azungushe kwenye kikaushio cha mboga mpaka majani yasilowanishe karatasi ya jikoni. Tandazeni tabaka jembamba kwenye friji kwa nusu saa kwanza, ndipo mpakie, na karatasi kavu chini. Kikopo cha gramu 50 kitiwe gramu 50, si 80 za kushindiliwa. Boksi la boda liwe la kuhifadhi ubaridi, vipande vya barafu vifungwe kwa kitambaa visiguse majani, maana yakiganda yanakuwa kama mboga iliyopikwa.

Na nyinyi wa maduka: friji iliyo wazi mbele, inayosoma nyuzi 12, ni kabati la maonyesho tu. Tunataka kati ya nyuzi 1 na 5. Stima ikipotea nusu siku, mzigo huo ushushwe bei au uondolewe. Tena msiuweke kando ya ndizi mbivu, maembe na parachichi, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani yawe manjano haraka.

Mnunuzi, pindua kikopo kabla ya kulipa. Tazama ncha zilizokatwa: zikiwa nyeupe na kavu, chukua; zikiwa za kahawia au zinang'aa kwa ute, rudisha. Matone mengi chini ya mfuniko, rudisha. Alizeti na minji zilizotunzwa vizuri hufika wiki moja na zaidi. Mchicha na dhania ni laini mno, usizitegemee kupita siku nne au tano.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kama trei hai, yaani ile inayouzwa miche ikiwa bado na mizizi, ndiyo dawa. Inasaidia sana, kwa sababu unakata mwenyewe dakika ya kula. Ila trei nayo huzeeka. Alizeti ikishatoa majani halisi, yale yanayofuata majani mawili ya kwanza ya mche, inakuwa na vinyweleo na uchungu, minji inakuwa na nyuzinyuzi ngumu. Duka linaloacha trei gizani wiki nzima bila maji linauza uzee uleule, tofauti ni kwamba bado una mizizi.

NYONGEZA 2: Rihani iliyogeuka nyeusi si lazima iwe ya zamani. Haipendi chini ya nyuzi 10, huungua kwa baridi. Hiyo ndiyo pekee, kati ya nilizotaja, ambayo friji yenu ya nyuzi 12 inaifaa.