Kipakatalishi kinazimika betri ikionyesha asilimia 38

Mwalimu wa Kondele
Hamjambo wanajamvi. Nina kipakatalishi chenye umri wa miaka saba hivi, nilichokinunua hapa Kisumu kikiwa kimekwisha kutumika. Kwa majuma matatu sasa betri yake haieleweki: inaonyesha asilimia 38, nafungua video ya somo la fizikia, na papo hapo mashine inazima bila onyo. Nikichomeka chaja, inawaka na kuonyesha asilimia 6. Fundi mmoja amesema ubao mama (bodi kuu ya mashine, motherboard) umeharibika, na malipo anayotaka ni nusu ya bei niliyonunulia. Je, kuna namna ya kuhakikisha kabla sijatoa pesa?

Fundi, Nakuru
Mwalimu, usilipie ubao mama kwanza. Asilimia unayoiona ni makadirio tu, kwa sababu chipu iliyo ndani ya betri huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha huulinganisha na ujazo inaoukumbuka, na seli zikizeeka kumbukumbu hiyo huachana na hali halisi. Isitoshe, ukinzani wa ndani ya seli kuukuu, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, huongezeka, kwa hiyo kazi nzito kama video huishusha volti ghafla. Seli ya lithiamu hujaa kwa takriban volti 4.2, na ikikaribia volti 3 mfumo huikata ili isiharibike, hata kama kioo kinadai kuna chaji.

Kama unatumia Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), uandike powercfg /batteryreport, kisha kwenye ripoti itakayotokea ulinganishe Design Capacity (ujazo betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (ujazo wake wa sasa ikijaa). Vilevile fanya kazi ileile ya video chaja ikiwa imechomekwa; isipozima, lawama nyingi ni za betri.

Mwalimu wa Kondele
Ahsante, fundi. Nimepata 47,520 mWh (miliwati-saa) ikiwa mpya na 19,010 mWh sasa. Kwenye chaja imecheza video saa mbili bila tatizo.

Mama Saiba, Kakamega
Basi imebaki na asilimia 40 ya ujazo wake. Wapo watakaokushauri uijaze, uitumie mpaka iishe, kisha uijaze tena bila kukatiza; hilo husahihisha kipimo, lakini halirudishi ujazo uliopotea. Mimi hununua betri mpya kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, wala sikubali iliyokaa dukani miaka mingi, maana seli huzeeka hata zisipotumika, hasa kwenye joto kama la huko kwenu.

Ila kabla ya yote, mwalimu, kiweke juu ya meza iliyo sawa ukitazame. Kikiyumba, au sehemu ya kugusia kidole ikiwa imeinuka, betri imevimba. Hapo usiibonyeze, usiitoboe, na usiichaji tena hata kidogo.

Mwalimu wa Kondele
Mama, imeinuka kidogo upande wa kushoto, nami nilidhani ni skrubu iliyolegea. Nimechomoa chaja, nimekizima na kukiweka kwenye sakafu ya saruji mbali na vitabu. Kesho asubuhi nakipeleka betri itolewe.