Uzi wa malalamiko: Ukumbi wa Heshima wa EPL umemtupa Vidić, umempiga danadana Yaya Touré, na vigezo vyake ni vya ovyo

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Ukumbi wa Heshima wa Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) ulianza kupokea watu 2021 kwa Alan Shearer na Thierry Henry. Kufikia waliotangazwa 2024 kuna majina 24: wachezaji 22 na makocha wawili, Ferguson na Wenger. Kwa hao 22 walioingia sina ugomvi na hata mmoja. Ninachogomba ni waliobaki nje na utaratibu uliowabakiza.

Tuanze na Nemanja Vidić, maana huyu ndiye anayeonyesha ugonjwa wote. Mataji matano ya ligi. Mchezaji bora wa msimu wa EPL mara mbili, 2008/09 na 2010/11, tena ni beki! Tuzo ile huwa inakwenda kwa wafungaji na mafundi wa kati, beki kuichukua mara moja ni kazi, yeye kaichukua mbili. Mwaka 2012 ligi ilipotimiza miaka 20 kikachaguliwa kikosi bora cha kipindi chote hicho. Mabeki wa kati walikuwa Tony Adams na Vidić. Rio Ferdinand hakuwemo, wala John Terry.

Sasa angalieni foleni ya kuingia ukumbini. Kompany 2022. Adams na Rio 2023. Terry 2024. Yule aliyewapita Rio na Terry kwenye kikosi cha miaka 20 bado amesimama mlangoni, na amekuwa akitajwa kwenye orodha fupi ya wanaopigiwa kura tangu ile ya kwanza ya 2021. Haiingii akilini kabisa.

Kwa nini hili linatokea? Wengi watasema mashabiki wamemsahau. Si kweli, hesabu ya kura ndiyo inayommaliza. Chukueni orodha fupi ya 2023. Walikuwa wachezaji 15 na nafasi tatu. Ndani ya hao 15, waliojengewa jina na Manchester United walikuwa sita: Carrick, Andy Cole, Rio, Gary Neville, Van der Sar na Vidić. Shabiki wa United akikaa kupiga kura anagawa kura chache kwa watu sita anaowapenda wote. Mmoja anaweka Rio na Neville, mwingine Vidić na Van der Sar, wa tatu anamwonea huruma Cole. Kura zinasambaa, na katika sita anapita mmoja. Ndivyo ilivyokuwa: walioingia mwaka ule ni Adams, Čech na Rio. Timu ikiwa na magwiji wengi, magwiji wake wanaliana kura wenyewe kwa wenyewe. Jopo la ligi lina kura zake zinazojumlishwa na za mashabiki, na kazi ya jopo ilitakiwa iwe kusawazisha kasoro ya namna hii. Halikusawazisha. Na matokeo yakitoka tunapewa majina tu, idadi ya kura hakuna, kwa hiyo hata kujua kama Vidić alikosa kwa kura kumi au kwa laki moja haiwezekani.

Yaya Touré ana shida iliyo kinyume. Yeye kwenye orodha hiyo ya 2023 alikuwa mtu pekee wa Manchester City, kwa hiyo hakuna wa kugawana naye kura. Tatizo ni kwamba wanaomkumbuka vizuri ni wachache kuliko jeshi la mashabiki wa United, Arsenal, Chelsea na Liverpool. Ukiwa na wenzako wengi unaumia, ukiwa peke yako unaumia.

Na si kwamba rekodi yake inahitaji kutetewa sana. Mechi 230 za ligi, mabao 62, mataji matatu: 2011/12, 2013/14 na 2017/18. Msimu wa 2013/14 alifunga mabao 20 katika mechi 35 akiwa kiungo. Kabla yake kiungo aliyefika 20 kwa msimu mmoja wa EPL alikuwa Frank Lampard peke yake, na Lampard aliingia ukumbini kwenye kundi la kwanza. City ile ilichukua ubingwa kwa pointi 86 dhidi ya 84 za Liverpool. Toeni mabao ya Yaya kwenye ile tofauti ya pointi mbili muone kinabaki nini.

Watu wakizungumzia ubingwa wa 2012 wanakumbuka bao la Agüero dhidi ya QPR dakika za nyongeza, na ni haki yake. Lakini wiki moja kabla, tarehe 6 Mei, City walikuwa Newcastle na ushindi ulikuwa lazima. Kipindi cha pili ubao ukasoma sufuri kwa sufuri. Mancini akamtoa Nasri, akamwingiza De Jong. Mtu asiyejua mpira angeona kocha anatoa fundi anaingiza mkabaji ilhali anahitaji bao. De Jong akakaa mbele ya mabeki, Yaya akafunguliwa kamba kupanda juu, na dakika chache baadaye akapiga la kwanza, kisha la pili mwishoni. Bila zile mbili, bao la Agüero lingekuwa la kujifurahisha tu. Mchezaji anayeweza kuanza kama mkabaji na kumaliza kama mshambuliaji ndani ya mechi moja, kwa kiwango kile, EPL imeona wangapi?

Katika wachezaji 22, Mwafrika ni Didier Drogba peke yake. Sisemi waingizwe watu kwa kuangalia pasipoti. Ila kwa Yaya rekodi ipo wazi.

Haya, vigezo. Ili mchezaji aliyestaafu afikiriwe, awe na mechi 250 za EPL, au awe na moja ya sifa kama hizi: alichaguliwa kwenye kikosi cha miaka 10 au cha miaka 20, alishinda Kiatu cha Dhahabu (mfungaji bora wa msimu) au Glavu ya Dhahabu (kipa mwenye mechi nyingi zaidi bila kuruhusu bao), alikuwa mchezaji bora wa msimu, alichukua mataji matatu, alifunga mabao 100, au kwa kipa, alimaliza mechi 100 bila kuruhusu bao.

Someni tena polepole muone mashimo.

Shimo la kwanza ni hizo mechi 250. Msimu una mechi 38, kwa hiyo 250 ni misimu sita na nusu bila kukosa hata mechi moja. Na aliyeingia dakika ya 89 anahesabiwa mechi sawasawa na aliyecheza dakika 90. Emmanuel Adebayor ana mechi 242 na mabao 97. Amekosa mlango wa mechi kwa nane na mlango wa mabao kwa matatu. Kiatu hana, kwa sababu msimu wake mkubwa wa 2007/08 alipofunga 24 aligongana na Cristiano Ronaldo mwenye 31. Basi, hafikiriwi hata kidogo. Yakubu Ayegbeni ana mabao 95, pungufu ya Adebayor, lakini mechi zake ni 252. Yakubu anafikiriwa! Simvunjii heshima Yakubu, alikuwa mmaliziaji wa kweli. Nasema kigezo kinachotenganisha hawa wawili kwa mechi kumi hakipimi ubora hata chembe.

Shimo la pili ni baya zaidi: vigezo havimjui kiungo mkabaji. Claude Makélélé alicheza Chelsea kuanzia 2003 hadi 2008. Mechi 144, mataji mawili. Msimu wa 2004/05 Chelsea iliruhusu mabao 15 tu kwa mechi 38 na kumaliza na pointi 95, na huyu ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya Terry na Carvalho. Nafasi yenyewe anayocheza watu wakaanza kuiita kwa jina lake. Kwa vigezo vya ukumbi, Makélélé hastahili hata kutajwa. Michael Essien naye, mechi 168, mataji mawili, nje. Bao ukifunga unahesabiwa, kipa asiporuhusu anahesabiwa, lakini anayekata mashambulizi kabla hayajamfikia kipa hana mstari wowote. Halafu tunashangaa viungo walioingia wengi wao ni wafungaji.

Shimo la tatu ni la miaka. Glavu ya Dhahabu ilianza kutolewa 2004/05. David Seaman, aliyeondoka kwenye soka Januari 2004, hakuwa na namna ya kuishinda. Vivyo hivyo vikosi vya miaka 10 na 20 vinawafaa waliong'ara kabla ya 2012. Waliopanda baada ya hapo mlango huo umefungwa kwao, na hakuna aliyefikiria kuweka kikosi cha miaka 30.

Sasa tuzungumzie foleni, maana hapa ndipo hasira inapanda. Andy Cole: mabao 187, mataji matano, Kiatu cha Dhahabu kimoja kwa mabao 34 ya msimu wa 1993/94. Sergio Agüero: mabao 184, mataji matano, Kiatu cha Dhahabu kimoja. Agüero alitangaza kustaafu kwa sababu ya moyo tarehe 15 Desemba 2021 na Aprili 2022 akawa ameingia. Cole alikuwa kwenye orodha ya kwanza ya 2021 na akaingia 2024. Ndiyo, Agüero alihitaji mechi 275 na Cole 414, wastani wa Agüero uko juu sana na alistahili kuingia haraka. Lakini pengo la miezi minne kwa mtu aliyetundika daluga miaka kadhaa baada ya mwenzake, na miaka mitatu ya kuorodheshwa na kukataliwa kwa mwenzake, linasababishwa na kitu kimoja: kumbukumbu ya jana. Wapiga kura wengi walimwona Agüero, Cole wanamsoma.

Canton, Ohio, walikoweka ukumbi wa soka la Kimarekani, wamelitatua hili zamani. Mchezaji anasubiri misimu mitano baada ya kustaafu ndipo jina lifikiriwe, ili moto upoe. Wapigakura ni jopo, na lazima upate asilimia 80. Na wale waliostaafu zamani sana wana kamati yao tofauti, ili wasishindanishwe na nyota wa juzi. EPL wangeweza kuiga angalau hilo la mwisho.

Karibuni tubishane, ila kwa namba.

#2
Mkuu nakubaliana na mengi ila Vidić unampamba. Torres wa Liverpool alimfanya nini Machi 2009 pale Old Trafford? Nne kwa moja, na kadi nyekundu juu. Dhidi ya Liverpool alitolewa Septemba 2008, Machi 2009, Oktoba 2009, akarudia 2014. Beki wa Ukumbi wa Heshima hatolewi mara nne na timu moja.

#3 (mwanzisha uzi)
Kadi ni za kweli, sikatai. Lakini msimu huohuo wa 2008/09 aliotolewa mara mbili na Liverpool ndio United waliomaliza mechi 14 mfululizo za ligi bila kuruhusu bao, Van der Sar akakaa dakika 1,311 nyavu hazijaguswa, ubingwa ukachukuliwa na Vidić akapewa tuzo ya mchezaji bora. Kama mechi mbili zinafuta 36, basi hakuna beki atakayebaki humo ndani. Na Van der Sar naye, mataji manne, kwa nini bado yuko nje kufikia 2024?

#4
Na Okocha je? Ukumbi usio na Jay-Jay ni ukumbi wa nini?

#5 (mwanzisha uzi)
Ndugu yangu, hapo siko nawe. Mechi 124, mabao 14, hana taji la ligi. Burudani yake Bolton haina mfano, lakini tukifungua mlango kwa burudani peke yake tutashindwa kuufunga. Makélélé na Okocha wana mechi zinazokaribiana, tofauti ni kwamba mmoja alibadilisha jinsi timu za EPL zinavyopanga kiungo na akaondoka na mataji mawili.

#6
Mmemruka Robbie Fowler. Mabao 163, na yale matatu dhidi ya Arsenal 1994 ndani ya dakika 4 na sekunde 33, rekodi iliyodumu mpaka Mané alipoivunja 2015. Ian Wright kaingia 2022 na mabao 113 ya EPL.

#7 (mwanzisha uzi)
Fowler umepiga palepale. Wright mabao yake mengi na Kiatu cha 1991/92 ni kabla ya EPL kuanza, kwa hiyo kwa kanuni zao wenyewe hayahesabiki. Inaonekana wapigakura waliyahesabu kimoyomoyo. Kwa Fowler karibu kila bao la ligi kuu ni la EPL, na bado kaachwa. Kanuni moja, mizani mbili.

Ninachodai ni hiki, na atakayekuwa na njia ya kuwafikishia wahusika afikishe. Idadi ya kura itangazwe, za mashabiki na za jopo kila moja peke yake. Shabiki apange majina kwa namba, wa kwanza mpaka wa tano, ili mgombea akiondolewa kura yake ihamie kwa anayefuata badala ya kupotea. Hapo ndipo sita wa timu moja wataacha kuuana. Mechi 250 zibaki, lakini uongezwe mlango wa mechi 140 pamoja na mataji mawili, ambao utawaingiza Makélélé na Essien kwenye mjadala. Kikosi cha miaka 30 kichaguliwe na kihesabiwe. Na kila mwaka nafasi moja itengwe kwa waliong'ara kabla ya 2005, ichaguliwe na jopo pekee. Fowler aanze.