Mwalimu ananifundisha duara la rangi, fundi ananiambia nitazame udongo: nijifunzeje?

Mwanafunzi wa Makole

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji hapa Dodoma. Siku za masomo ninafundishwa nadharia ya rangi, na kila Jumamosi ninakwenda kwa mchoraji mmoja mwenye karakana karibu na Soko la Majengo, ambaye amekubali nimsafishie brashi na kumpigia msasa mbao zake ili nipate kumtazama akifanya kazi. Darasani nimefundishwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, na kwamba rangi zinazotazamana katika duara la rangi, ule mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, hufifishana zikichanganywa lakini hung'arishana zikiwekwa bega kwa bega. Fundi wangu hajawahi kulitaja duara hilo hata siku moja. Yeye huchanganya, hupaka kidogo pembeni, hutazama, kisha huongeza tone.

Wiki mbili zilizopita nilichora mbuyu ulio njia ya Nzuguni, saa saba mchana, kwa akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji. Nilichanganya bluu na njano ili nipate majani, nikapata kijani kilichopooza kama maji ya kuoshea brashi. Kisha kwa ajili ya kivuli nilichukua rangi ya udongo nikaitia nyeusi, na kivuli kikaonekana kama shimo lililochimbwa chini ya mti. Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hicho kivuli hukukitazama," akarudi kwenye kazi yake. Naomba mnisaidie: nimekosea nadharia, au nadharia yenyewe haitoshi?

Fundi Mabango

Marahaba, mwanangu. Nimeandika mabango na kupaka kuta za maduka kwa zaidi ya miaka 20, na duara hilo nililiona nikiwa mtu mzima tayari, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa kopo.

Angalia bluu uliyotumia. Kama tyubu imeandikwa ultramarini, hiyo bluu ina wekundu ndani yake, ndiyo maana inaelekea zambarau. Ukiichanganya na njano, na hasa njano ya yai ambayo nayo ina wekundu, tayari umetia rangi zote tatu za msingi bila kujua, na zote tatu zikikutana zinazaa tope. Tafuta bluu inayoelekea kijani, ile ya thalo, uichanganye na njano ya limau, na utaona majani mabichi ya mvua za Januari. Ila usiitupe ile ya kwanza, kwa sababu mimea ya kiangazi haina kijani cha kung'aa, na huenda hicho ulichokiita kilichopooza ndicho utakachokihitaji mwezi wa nane. Jaribu pia njano na nyeusi. Inatoa kijani cha mzeituni ambacho wengi hawakitarajii.

Fundi wako analijua duara, isipokuwa analo mkononi. Muulize, "Kwa nini umeongeza hii?" kila anapoongeza tone. Wengi wetu hatuelezi mpaka tuulizwe.

Mwalimu wa sanaa, Kondoa

Ndugu mwanafunzi, naomba nikae kwenye kivuli, kwa sababu hapo ndipo somo lako lilipo.

Kivuli cha mchana hapa kwetu hakikosi mwanga. Kinakosa jua tu. Anga lote la bluu bado linakimulika, na huo ubuluu ukiangukia udongo mwekundu, kivuli kinakuwa cha kahawia yenye uzambarau, tena chepesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa ardhi iliyo pembeni inarudisha mwanga chini ya mti. Nyeusi inaua hayo yote. Chukua karatasi ya kijivu, itoboe kitundu kama punje ya mtama, ukitazame kivuli kupitia hapo, kwanza kivuli peke yake, kisha udongo wenye jua. Jicho likiondolewa jina la kitu, linaiona rangi.

Kuna jambo jingine ambalo duara peke yake haliwezi kulieleza. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro, bali nyuzi hizo zilionekana hafifu machoni kwa sababu ya rangi zilizokuwa jirani nazo katika zulia, na mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Fundi wako anapopaka kidogo pembeni na kutazama, anaufanya uchunguzi uleule.

Ushauri wangu ni kwamba mwezi mmoja uchore kwa rangi tatu tu: udongo mwekundu, nyeupe na nyeusi. Changanya nyeusi na nyeupe upate kijivu, ukizungushie wekundu, na jicho litakiona kijivu hicho kana kwamba kina ubuluu au ukijani, ingawa hukutia tone la bluu. Na ukipata nauli, fika Kolo, huku Kondoa, ukaione michoro ya kale ya miambani. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kwa sehemu kubwa ni ya rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, na bado ile miili mirefu, myembamba, inasimama hai juu ya jiwe.

Mwanafunzi wa Makole

Nawashukuru sana. Jana saa nane nilirudi kwenye mbuyu na karatasi yenye kitundu, na nilipotazama, uzambarau ulikuwapo, wazi kabisa, nami niliupita kwa wiki mbili nzima. Nilimwonyesha fundi mchanganyiko wangu mpya; alichukua brashi, akaongeza nyeupe kidogo na tone la bluu, akanirudishia. Safari hii nilimuuliza kwa nini, akaniambia akriliki ikikauka hukolea na kuwa na giza zaidi kuliko inavyoonekana mbichi, kwa hiyo yeye huichanganya ikiwa nyepesi kidogo kuliko anavyoitaka.

Limebaki swali moja. Kwa upepo wa Dodoma, rangi inakauka kwenye paleti, kibao changu cha kuchanganyia, kabla sijamaliza kulinganisha. Mnafanyaje?

Fundi Mabango

Chukua sahani yenye ukingo, tandika sponji uliyoilowesha maji, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, kisha weka rangi zako hapo. Ukipumzika, ifunike kwa nailoni. Na utoe rangi kidogo kidogo, mwanangu, tyubu ni ghali.