Kufundishia wanafunzi wa utabibu: STG, MSF, Cochrane au UpToDate, ipi inafaa zahanati?

Mwalimu_wa_Zahanati
Wakuu habari za leo. Napokea wanafunzi wa utabibu wakija kwetu mazoezi. Juzi kaletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakohoa, mwanafunzi kamtupia jicho mara moja kaandika seftriaksoni ya sindano. Nikamwambia mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi dakika nzima. Kapata 46, kifua hakibonyei, mtoto ananyonya vizuri, hana dalili yoyote ya hatari. Umri huo kuanzia 40 ni kupumua haraka, hiyo ni nimonia ya amoksilini ya mdomo anaenda nayo nyumbani. Kijana akaniuliza "mwalimu, imeandikwa wapi?" Swali zuri mno! Ila tukahangaika kwenye simu mpaka bando likaisha na mama wa watu amekaa tu anatusubiri. Sasa nataka niwafundishe kutafuta wenyewe, kipi kinafaa kwa mazingira yetu?

dokta_mstaafu
Anza na mwongozo wa taifa wa matibabu, STG ya 2021. Ni PDF, unaipakua mara moja unawagawia wanafunzi kwa simu, na dawa zilizomo zimepangwa kwa ngazi ya kituo, mwanafunzi anajua kabisa hii ni ya zahanati na hii ni ya hospitali. Mengine baadaye.

NesiMkunga_TZ
Mimi naongezea mwongozo wa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, programu yao ni bure na ukishaipakua inafunguka bila intaneti, kwetu mtandao upo chini ya mwembe tu kwa hiyo hilo ndo jambo la kwanza kwangu. Dozi zimewekwa kwa kilo, mwanafunzi hapigi hesabu ya kubahatisha. Ubaya wake haiko kwa Kiswahili na kuna dawa humo kwetu hazipo stoo.

tabibu_kijana
Mi nasema UpToDate, ile tovuti ya kulipia ya majibu ya kitabibu, ukiwa nayo huhitaji kingine, kila swali lina jibu na wanakuandikia ushahidi una nguvu kiasi gani. Bei yake kubwa ni kweli ila kuna mpango wa Better Evidence unatoa bure kwa wanaohudumia watu wa kipato cha chini, unaomba.

dokta_mstaafu
@tabibu_kijana ni nzuri kwa mwalimu kujiandaa usiku, sikatai. Lakini mpe mwanafunzi wa zahanati atakusomea CT skani na vipimo vya damu ambavyo hata wilayani havipo, mgonjwa kaishia kuandikiwa rufaa ambayo haihitaji. Mwandikaji wake anafikiria hospitali ya Marekani.

Mombasa_CO
Kutoka Kenya hapa. Nyinyi mnabishana kuhusu wapi pa kupata jibu, na mimi naona kazi ya mwalimu ni kumfanya mwanafunzi ajue jibu limetoka wapi. Mimi huwapa utafiti wa FEAST, ulitoka 2011, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu haifiki vizuri mwilini. Sote tulifundishwa mtoto wa hivo mpe maji ya mshipa haraka haraka. Kumbe waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi, karibu 10.5% ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa ni 7.3%. Darasa hunyamaza kabisa nikisema hizo namba, kwa sababu ni watoto wa Kilifi, wa Mbale, wa Muheza, watoto wetu.

NesiMkunga_TZ
@Mombasa_CO hapo uwe makini ndugu yangu, mwanafunzi akisikia hivyo kesho atamnyima maji mtoto anayeharisha!

Mombasa_CO
Dada umegusa penyewe. Ndio maana nawauliza swali la pili, ni watoto gani hawakuingizwa? Wanasoma wenyewe wanakuta wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali waliachwa nje. Kwa hivyo aliyeishiwa maji sana kwa kuharisha bado ni mpango C, yaani maji ya mshipa, mililita 100 kwa kilo, zinki ikifuata akianza kunywa. Hilo swali moja la nani hakuwemo limewasaidia wanafunzi wangu kuliko mihadhara.

tabibu_kijana
Duh, hiyo sikuwahi kufundishwa hivyo. Cochrane je, wale wanaokusanya tafiti za swali moja na kuzipima kwa pamoja, tunaipataje bila kulipa?

dokta_mstaafu
Muhtasari wa lugha nyepesi ni bure kwa kila mtu, huo unamtosha mwanafunzi. Ukitaka ripoti nzima pitia Hinari, mpango wa kuzifungulia nchi zetu majarida ya utafiti wa afya, WHO waliianzisha 2002, ila anayejisajili ni taasisi sio mtu, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo chenu nywila anayo.

Mwalimu_wa_Zahanati
Asanteni sana. Basi STG na MSF kila simu kabla hawajagusa mgonjwa, zipakuliwe mjini kwenye mtandao mzuri. Mgonjwa atibiwe kwanza kwa STG, mama asisubirishwe tena. Ijumaa mchana wagonjwa wakipungua tunachukua swali moja la wiki tunalisoma Cochrane, nikianza na hilo hilo la nimonia na amoksilini. Nywila ya Hinari nitaifuata chuoni jumatatu.

NesiMkunga_TZ
Na saa za kuhesabia pumzi je, wote wanazo? Wetu wawili walikuwa wanakisia.

Mwalimu_wa_Zahanati
Simu zao zina saa ya kuhesabu sekunde, nitaanza na hapo.