Fizi zinawaka tangu nivalishwe kofia za meno za chuma: naomba ushauri

Mkazi wa Tabata: Wadau, habari zenu. Tangu nivalishwe kofia mbili za chuma kwenye magego ya chini, fizi zinazozizunguka zimekuwa nyekundu na zinawaka, na shavuni upande huohuo pametokea michirizi myeupe. Nataka kubadilishiwa ziwe za zirkonia, ile kauri nyeupe. Je, inadumu kama chuma?

Babu Asiyezeeka: Zirkonia itadumu, mfuko wako ndio hautadumu.

Bi. Mkubwa: Mwanangu, fizi nyekundu ni uchafu tu. Marehemu mume wangu alitumia mswaki wa mti hadi uzeeni na hakung'oa hata jino moja.

Fundi Maabara: Mleta uzi, tuiache zirkonia kwanza. Hereni za bei rahisi, saa au kifungo cha jinzi vimewahi kukuwasha?

Mkazi wa Tabata: Masikio hutoa majimaji nikivaa hereni za Kariakoo, tangu nikiwa sekondari. Daktari wa meno hakuniuliza, nami sikuona masikio yanahusiana vipi na magego. Hata hivyo nimekwishalipia kianzio cha kubadilishiwa Jumamosi, na kwa sasa natuliza kwa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe na mwasho, niliyonunua duka la dawa.

Fundi Maabara: Hapo ndipo penye jambo. Kofia nyingi za bei nafuu ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na kromiamu, na nikeli ndiyo metali inayoongoza kwa mzio wa ngozi. Kipimo cha mzio huo ni viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa vikibanduliwa na kusomwa tena siku chache baadaye. Prednisoloni inaweza kuficha majibu, lakini usiikatishe bila daktari. Michirizi nayo ikaguliwe, kwa kuwa huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, na kliniki ikuandikie jina la aloi.

Mpekuzi: Hii ni chai. Mtu anawashwa na hereni tangu sekondari, anavalishwa chuma mdomoni asishtuke? Nanusa tangazo la zirkonia. Weka picha.

Mkazi wa Tabata: Siuzi chochote wala sitaji kliniki, na shavu langu silianiki mtandaoni. Swali langu ni moja: nikiahirisha Jumamosi, kianzio kinarudishwa?

Bi. Mkubwa: Risiti unayo?

Mkazi wa Tabata: Nililipa mkononi.